Uzito wa Mzee Lazaro

Mgeni alifika Lufingo bila taarifa, asubuhi ya mvua, Tusekile akiwa barazani anamenya ndizi. Alijitambulisha kuwa ni Sadalla, tabibu mpya wa zahanati, mzaliwa wa Pangani. Alitaka kumwona Mzee Lazaro, baba mkwe wa Tusekile, aliyekuwa akitafuna vidonge vyeupe vya kiungulia tangu mwaka wa Operesheni Vijiji.

Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, akielea juu kidogo ya migomba, amefungwa kamba kiunoni. Mifupa yake ilikuwa imekwisha uzito, na upepo wa Rungwe haukawii kubeba. Majirani waliokwenda shamba la ujamaa walimsalimia wakitazama juu.

Sadalla aliikagua kamba, akairidhia. Kisha akaeleza kwamba vidonge vile ni vya wiki mbili tu. Vikitumiwa miaka, mwili hukosa madini ya mifupa. Aache leo, bado kuna mfupa wa kuokoa. Mzee akatabasamu. Kiswahili hakukijua.

"Mwambie wewe, dada," alisema Sadalla.

Tusekile alikuwa amejifunika kanga usoni, amegeukia ukuta. "Ni baba mkwe wangu. Kwetu mkwe hatumtazami wala hatumsemeshi. Nikimsemesha narudishwa kwetu, mtoto anabaki."

"Mumeo?"

"Yuko migodini, Zambia."

"Basi niahidi atasikia kabla ya jua kuzama. Nina wagonjwa Kisondela."

Akaahidi. Mama mkwe, Felista, alikataa kuupeleka ujumbe: tangu vidonge vije, mumewe halii tena usiku. Majirani nao walikataa, wakisema dawa ya Serikali haisimamishwi na mkaza mwana.

Jua lilipokuwa likizama, Tusekile alifunua uso, akatazama juu.

"Tata, baba yangu, acha vidonge. Vinakumaliza mifupa."

Mzee alifikiri. "Nikiacha, moto unarudi tumboni. Zahanati ina dawa gani nyingine?"

Hakukuwa na nyingine. Mzee akatafuna kidonge.

Asubuhi Felista alimfungia Tusekile nguo zake, akampa na ndizi za njiani. Hakumgombeza. Mtoto alibaki mgongoni kwa bibi yake.

Tusekile alipitia zahanati. Sadalla alikuwa mlangoni akipokea boksi jipya la vidonge vyeupe. Watu wa kiungulia walikuwa wamepanga foleni, wengine wameshikana mikono wasipeperuke.

"Ameshasikia," alisema Tusekile.

"Ahsante, dada," alisema Sadalla, akafungua boksi.