Gunia kwenye Njia ya Lori

Haya niliambiwa na wifi yangu Truphena, mjane wa kaka yangu, mwaka wa tisini na saba, mvua ilipotufungia jikoni kwake karibu na Rangwe siku tatu. Tulikuwa tunachambua omena, dagaa wa ziwani. Nilimuuliza mbona maji hayajalichukua jiko hili. Akacheka kwanza.

Mwaka wa tisini na tatu, malori ya mchanga yalikuwa yameacha shimo nyuma ya nyumba yake, na kila mvua kubwa ukingo ulimegeka ukimfuata. Siku aliyopima kwa miguu, zilibaki hatua kumi na mbili kufika jikoni. Truphena hakwenda kulia kwa mtu. Aliteremsha ng'ombe wake wanne, akawajengea zizi humo humo shimoni, na kila wiki akahamisha nguzo hatua chache ili samadi ienee kote. Watu walipita wakisema mjane sasa anafuga shimo. Akapanda nepia, majani ya kulishia ng'ombe. Mwaka wa pili nyasi ilimfika kifuani, na ukingo ukaacha kubomoka.

Ndipo Stanley, mdogo wangu wa damu na sitamficha, akaja na lori. Chini ya nyasi, alisema, bado kuna mchanga mzuri.

Truphena alikuwa anakata nyasi tangu alfajiri. Hakupiga kelele. Alitandika gunia pale matairi yangepita, akaweka panga kando, akalala chali.

"Shemeji, toka hapo. Shamba ni la ukoo."

"Lilipokuwa shimo lilikuwa la nani? Mbona ukoo haukuja hata na jembe moja?"

Stanley alimgeukia dereva, Ombui, mtu wa Kisii. "Twende. Atatoka mwenyewe."

Ombui akazima injini. "Mzee, mimi nimeitwa kubeba mchanga. Ya kukanyaga mama sikuambiwa."

Stanley akaondoka kwa miguu kumtafuta naibu wa chifu. Jua la saa saba likawaka. Truphena alifumba macho lakini hakuthubutu kulala, maana usingizi ukimpitia, watambeba na gunia lake.

"Mama, umelala?" Ombui aliuliza dirishani.

"Washa uone."

Stanley alirudi peke yake, vumbi hadi magotini. Ilikuwa Jumamosi, na naibu alikuwa matangani akingoja chakula. Alikuwa amemwambia Stanley kwamba mwanamke kulala nyumbani kwake si jambo la serikali. Stanley akaketi kwenye kivuli cha lori, akavua viatu, na kichwa kikaanza kushuka.

Truphena alingoja. Alimsikia shemeji yake akikoroma. Baadaye akamsikia dereva akimjibu kwa mkoromo kutoka juu kwenye kiti chake. Ukingoni, ng'ombe wanne walikuwa wanacheua. Akanyoosha mguu mpaka kisigino kikagusa shina la nepia, akalisukuma kidogo. Halikutikisika.

Naye akalala.