Chachu ya Chini ya Mparachichi

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alipoolewa walimwita Bi Harusi, na mpaka mimba yake ya kwanza inaingia mwezi wa saba bado alikuwa Bi Harusi, kama vile shela imemganda kichwani. Mumewe dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo aliishi na mama mkwe wake, Mama Kitalu, aliyeotesha miche ya kuuza nyuma ya nyumba. Na Mama Kitalu, jamani, alikuwa na mdomo. Tangu aliposikia kuna mimba alianza vituko: mara chumvi imezidi, mara mbona mtu haendi kujifungulia kwao. Majirani walisema ndivyo alivyo. Hata watoto wake mwenyewe aliwatoa wangali wachanga, wakalelewa kwa mdogo wake mtaa wa pili. Mwanamke gani huyo, walisema, anayelea miche akatupa watoto.

Bi Harusi akaamua kumshinda kwa kazi. Asubuhi alikaa kwenye kigoda kujaza viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Kitalu kile kilikuwa na utaratibu wake: kila kiriba kitiwe konzi moja ya udongo kutoka chini ya mparachichi mkubwa uliosimama katikati ya ua. Udongo mweusi, laini. Ukiupasua unakuta nyuzi nyeupe zimetambaa ndani yake. Mama Kitalu aliuita chachu. Mipapai iliyotiwa chachu ilirefuka mbio, na pilipili zilizaa mpaka matawi yakainama. Ila miche ya parachichi ilikuwa na sheria nyingine. Mbegu zake zilinunuliwa sokoni, zikaoteshwa kwa udongo wa kuletwa, huko mbali kwenye ukuta wa barabarani. Kwa nini, hakuambiwa.

Kwa Bi Harusi huo ulikuwa ubadhirifu mtupu. Mbegu si hizi hapa, zinaanguka zenyewe? Akaziokota, akazipanda kwa udongo wa mti uliozizaa, tena konzi mbili badala ya moja. Nani amlee mtoto vizuri kuliko mamaye? Zilichipua vizuri, kisha zikaanza kunyong'onyea moja baada ya nyingine. Alipong'oa mche mmoja alikuta mizizi imekuwa myeusi, inateleza vidoleni, na zile nyuzi nyeupe zimeizunguka pande zote. Kwenye kiriba hichohicho pilipili ilikuwa imejiotea, imenona, ina afya tele.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mimba ilimletea hamu ya udongo. Si yeye wa kwanza. Wajawazito wengi wana hamu hiyo, na wapo wanaouza udongo wa kutafuna. Alijaribu huo wa kununua, akautema. Alichotaka ni ule mweusi. Alianza kwa kulamba kidole, akafikia kujichotea kiganja kizima kila Mama Kitalu akigeuka. Na ulimpenda, udongo ule. Ngozi iling'aa, nywele zikajaa, wateja wakamtania kwamba naye katiwa chachu. Lakini mtoto, aliyekuwa akimpiga mateke mpaka anashtuka usingizini, alipungua kucheza. Akawa anajigeuza kivivu, kisha akanyamaza.

Amelala tu, alijiambia Bi Harusi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakusema kwamba unaweza kukipenda.

Mama Kitalu alimfumania chini ya mti, ameinama. Bi Harusi alijua atatukanwa kwa ajili ya ile miche iliyokufa, lakini mama mkwe hata hakuitazama. Alimshika kidevu, akamfungua mdomo kama mtoto aliyemeza shanga, akaona meno meusi. Sauti yake iliyozoea kukwaruza ikatoka ndogo.

"Tangu lini, mwanangu?"

Ndipo akasema aliyoyaficha miaka yote. Naye aliula udongo ule, mimba yake ya kwanza. Alinenepa, akasifiwa, akajifungua mtoto asiyelia. Waliofuata walizaliwa hai, lakini walikuwa wakififia humo uani na kuchangamka wakivushwa barabara, basi akawatoa, na watu wakamsema. Ukoo wa mumewe, alisema, umekaa kwenye kiwanja hicho vizazi na vizazi, kama mti ule, na vilivyomo ardhini vimeshawajua ladha. Mtu mzima ana gome lake. Mtoto mchanga hana. Mgeni aliyeolewa hadhuriwi; analishwa, ananenepeshwa, ili abaki hapo na azae hapo.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia ardhi inakula wajukuu zangu ungeniita mchawi. Nikaona bora unichukie uondoke."

Bi Harusi akamsihi waondoke wote. Mama Kitalu akatikisa kichwa. Alishajaribu, alisema, na huko nje chakula chote kilimgeukia majivu mdomoni. Akamfungia khanga mbili kwenye fuko, akamsukuma hadi nje ya geti, akaweka komeo.

Bi Harusi alivuka barabara amelishika tumbo. Kimya. Akapita duka la kwanza, akapita fundi cherehani, machozi yakimtoka mchana kweupe bila aibu. Kwenye kona mtoto akampiga teke. Akampiga la pili, kali, chini ya ubavu. Akaegemea ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja, watu wakimpisha.

Furaha ile ilikuwa bado motomoto pale mate yalipomjaa mdomoni. Akasema atavumilia. Akajikuta amegeuka. Akajikuta amefika getini, amepiga magoti, kucha zake zinakwangua ardhi chini ya lango, mahali ambapo udongo mweusi ulitokeza kidogo. Kutoka ndani alisikia pumzi za Mama Kitalu, ambaye hakuwa ameondoka hata hatua moja.

"Mtoto anacheza?" aliuliza yule mama kupitia ubao wa geti.

"Anacheza, mama. Anacheza sana. Nifungulie."

Komeo halikusogea. Mtoto alikuwa akipiga mateke kwa nguvu zake zote, na Bi Harusi aliyasikia yote, moja moja, akaendelea kukwangua.