Saa Tano Hadi Saa Tisa

Baba yangu mdogo, Mzee wa Kanisa Ezron, alifunika kahawa yake kwa tiara yangu, na kwa kosa hilo nilimhukumu kabla hata sijashusha sanduku la bweni kichwani. Hukumu ilisomwa getini, mbele ya mama yangu na mbwa wawili. Rufaa haikuruhusiwa.

Naomba nieleze tiara yenyewe, maana wapo wanaodhani nazungumzia karatasi na njiti za watoto. Hii ina mita kumi na mbili za mraba, ya rangi ya chungwa, na mirija yake hujazwa upepo kwa pampu hadi ikakakamaa kama mbavu za ng'ombe. Unafunga mkanda kiunoni, unasimama juu ya ubao, tiara inapanda angani na kukuvuta juu ya maji kwa kasi ya bodaboda isiyo na abiria. Aliyenifundisha ni Mholanzi mmoja aliyekuja kijijini kwetu, hapa Mbozi, juu ya Nanyala, kutufundisha kuosha kahawa. Asubuhi alifundisha kahawa. Mchana alikuwa kwenye bwawa la shamba la zamani, akiteleza peke yake huku wanawake wanaofua wakimwombea. Likizo mbili nzima alinifundisha mimi. Siku ya kuondoka aliniachia tiara, ubao na mkanda, mbele ya mama, kwa Kiswahili chake kifupi: "Hii ya Tumpe."

Nikarudi bweni kumaliza kidato cha sita. Nilipotoka, nikaikuta tiara imetandazwa juu ya kichanja namba moja kwenye kituo cha kukaushia kahawa. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, alikuwa amewatangazia watu kuwa ni turubai maalumu aliloletewa na rafiki yake wa Ulaya.

Nilikwenda kumwomba kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kuchukua tiara yangu."

"Marahaba. Tiara gani?"

"Hiyo iliyofunika kahawa."

Alivuta pua. Baba mdogo ana mafua yasiyopona tangu nikiwa chekechea, na kijiji kizima kinajua kuwa mafua hayo yanaishi ndani ya kikopo cha ugoro kwenye mfuko wa koti lake la ibada. Hanusi kitu. Unaweza kuunguza maharage chini ya kiti chake.

"Mwanangu Tumpe," akasema, "msichana wa kidato cha sita arushe matiara? Watu watasema nini?"

"Watasema anairusha vizuri."

"Kahawa imesomesha watoto. Hilo lidubwana limemsomesha nani? Liache lifanye kazi. Na wewe katafute kazi."

Sawa. Nikaenda kutafuta kazi.

Kila kazi niliiuliza swali moja tu: je, kati ya saa tano na saa tisa mchana nitakuwa wapi? Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita upepo huamka saa tano na huchoka saa tisa. Kabla na baada ya hapo bwawa limetulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Shangazi Gwantwa alinipatia nafasi Tunduma, kwenye ofisi ya kujaza fomu za malori yanayovuka mpaka. Kazi ilianza saa mbili asubuhi na kuisha foleni ya malori inapoisha, na foleni hiyo haijawahi kuisha.

"Nitaomba ruhusa saa tano hadi saa tisa," nilimwambia kwenye simu.

"Kila siku? Kwani unanyonyesha?"

Nafasi ya pili ilikuwa ya kujitolea kufundisha Msangano, kengele ya mwisho saa kumi. Niliikataa kwa heshima. Mama alianza kuniangalia kama anayeangalia ng'ombe asiyekula.

Ilibaki kazi moja, yenye malipo madogo kuliko zote: kugeuza kahawa kwenye vichanja, kituoni kwa baba mdogo. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa hutandazwa juani na kugeuzwa asubuhi nzima. Ikifika saa tano, jua likikaza, hufunikwa ili ganda lisipasuke. Saa tisa hufunuliwa. Katikati hapo wafanyakazi huenda kula, kulala na kusengenya. Saa nne nzima za uhuru, katika saa zilezile za upepo! Tatizo lilikuwa moja tu. Saa hizo ndizo hasa tiara yangu ilizokuwa kazini.

Hapo ndipo penye utamu wa kesi hii.

Niliomba kazi. Jumapili baba mdogo alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kuwa binti wa kidato cha sita amejinyenyekeza. Niliinamisha kichwa. Mama alifuta machozi. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya turubai.

Jambo la kwanza alilotufundisha yule Mholanzi ni kwamba kahawa inayokauka huokota kila harufu inayopita. Usiweke mafuta ya taa karibu, usikate kitunguu karibu. Na kahawa ya kichanja namba moja baba mdogo aliitenga na ya wengine, ili mwisho wa mwezi wa saba waonjaji wa mnunuzi wakija waionje peke yake, ikiwa na jina lake. Kila mchana alikula, akakaa barazani kwake ng'ambo ya bonde, akatupa jicho kituoni. Akiona rangi ya chungwa juu ya namba moja, alilala usingizi wa wenye haki.

Nilihitaji rangi ya chungwa nyingine.

Nikanunua turubai jipya, nikapanda gari hadi Tunduma, eti kumsalimia shangazi. Sokoni nilimkuta Mama Irene, muuza dagaa, ambaye kwa kuzoea wateja wa Zambia humwamkia kila mtu "mulishani", hata wajukuu zake. Magunia yake yalikuwa yamefunikwa turubai la rangi ya chungwa lililokula misimu mitatu ya dagaa.

"Mama, tubadilishane. Nikupe hili jipya, unipe hilo."

Alilinusa langu, akalinusa lake, akaninusa mimi.

"Mwanangu, wewe mzima?"

"Mzima, mama. Ni la shuleni, somo la sayansi."

"Haya. Sayansi imefika mbali."

Kwa siku tisa haki ilitendeka. Saa tano, wenzangu wakishuka kwenda kula, nilivua tiara, nikaitandikia kahawa ya baba mdogo lile turubai na kulifunga kwa upole kama anayemfunika mgonjwa. Kisha mbio bwawani. Upepo wa Mbozi haubembelezi: ukishika tiara unakunyanyua kwa kiuno, ubao unachana maji, na unajikuta unacheka peke yako. Saa tisa kasorobo tiara ilikuwa imefutwa, imekunjwa, imerudi kazini kwake. Turubai lililala ndani ya gunia chini ya kichanja.

Mama Brayan, msimamizi wa vichanja, mwanamke mwenye pua nzima, alisimama karibu nami siku ya sita.

"Tumpe, hapa kunanuka nini?"

"Nilikuja na dagaa wa mchana, mama."

"Jana je?"

"Dagaa."

"Juzi?"

"Nawapenda sana, mama."

Alinusa hewa tena, akaenda zake.

Siku ya waonjaji ikafika. Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wakapanga vikombe juu ya meza ndefu. Wanaonja kwa kufyonza kijiko kwa kelele na kutema, tabia ambayo bweni kwetu ingekupa adhabu ya kufyeka. Namba moja ilianza, kwa heshima ya mwenyekiti. Baba mdogo alivaa lile koti.

Yule mwanamke akafyonza. Akasimama. Akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba kuna mtu humo.

"Nani anakula samaki hapa?"

Hakuna aliyekuwa anakula. Akafyonza tena, akampa mwenzake. Wakatazamana.

"Mwenyekiti, kahawa hii ina samaki."

Baba mdogo alikichukua kikombe, akakiweka puani, akavuta kwa nguvu zote alizojaliwa.

"Mimi nasikia maua," akasema.

Watu walicheka hadi mzee mmoja akashikwa kikohozi. Niliuma mkono wa sweta. Halafu, kwa kuwa ilikuwa saa tano na mimi ni mtu wa ratiba, nilichukua tiara na kuondoka.

Nilikuwa juu ya maji kwa karibu saa nzima nilipomwona anashuka peke yake kuelekea ukingo upande unakoelekea upepo, turubai la Mama Irene, alilolifukua chini ya kichanja, likiwa begani. Nilimpita umbali wa hatua kumi.

"We mtoto! Hili nini?"

"Turubai maalumu, baba mdogo! Nimeletewa na rafiki yangu wa Tunduma!"

Nikaenda hadi mwisho wa bwawa, nikageuza. Alikuwa anatembea ukingoni kunifuata, viatu vikizama topeni.

"Shuka tuongee! Waonjaji wanaon…"

Nikapita. Nikageuza.

"…wanaondoka! Wanasema matangi yetu ya kuoshea yameoza! Hawataonja ya mtu mwingine!"

Nikapita. Hilo lilikuwa jambo jipya, lakini upepo ulikuwa mzuri. Niliporudi alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Hata ya mama yako, Tumpe! Kahawa ya Enesi iko mezani, hawataki hata kuigusa!"

Hilo halikuwemo kwenye hukumu. Mama alichuma kahawa ile peke yake tangu mwezi wa tano, na vidole vyake bado vina weusi wa utomvu. Nilifika mwisho wa bwawa nikageuza vibaya, kidogo nianguke. Ningeweza kutoka majini wakati ule ule. Msichana mwema angetoka. Mimi nilimrudia.

"Tiara ni ya nani?"

Aligeuka kutazama nyuma. Juu, kwenye vichanja, wanawake wote walikuwa wamesimama kutuangalia.

"Yako!"

"Sisikii, baba mdogo! Upepo!"

"Ni yako!"

"Wale wa juu hawajasikia!"

Alivua kofia. Aliwageukia wanawake, akatoa ile sauti anayotangazia misiba: "Tiara ni ya Tumpe! Sikuletewa na mtu! Nilidanganya!"

Nilipiga vigelegele majini. Utamu ule nausikia hadi leo, na sitasema uongo kwamba niliona aibu. Kisha upepo ukakatika, ghafla, kama mtu aliyezima taa.

Tiara iliyumba, ikakunja bawa, ikaanguka majini mbele ya miguu yake. Mimi nilizama hadi shingoni, katikati ya bwawa, nikiwa nimefungwa kwenye tiara kwa kamba nne. Kwenye mkanda kuna kitanzi: ukikivuta, kamba zinaachia, unaogelea uendako na tiara unaiachia aliye karibu nayo. Nilikishika kile kitanzi. Sikukivuta.

Baba mdogo aliingia majini na suruali yake ya ibada, akaishika tiara, akazifuata kamba kwa mikono, akaanza kunivuta. Hakuwa na haraka. Alivuta mkono baada ya mkono, akihema, mpaka nikaketi topeni mbele yake.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Vizuri. Tangulia."

Nilisimama mbele ya meza ya waonjaji nikidondosha maji, nikasema yote: dagaa, Mama Irene, siku tisa. Matangi ni safi, mkosaji ni mimi. Yule mwanamke alinusa turubai, akarudi nyuma hatua mbili, akaagiza maji ya moto ya vikombe vipya. Kahawa ya mama ilionjwa ya pili. Mama alinitazama mara moja, na ningelipa chochote anichape badala yake.

Ya namba moja ilirudishwa kwenye gunia. Hakuna atakayeinunua.

Jioni kikundi kilikaa. Kwa kuwa mwenyekiti alikuwa mshtakiwa, aliongoza Mama Brayan, na mimi niliyejiona hakimu tangu mwezi wa tano niligundua hakimu wa kweli hufananaje. Hakupandisha sauti.

"Tiara ni ya Tumpe, airudishe kwao leo hii. Mzee Ezron umeiba, tena umetudanganya. Tumpe umetaka kutuzika wote ili umzike mmoja. Matangi yametajwa kuwa machafu, basi yatasuguliwa mpaka msimu uishe. Mtayasugua ninyi wawili."

"Saa ngapi, mama?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Saa tano hadi saa tisa."

Leo ni siku ya nne. Tangi ni la saruji, refu kuliko mimi, lenye utelezi wa maganda hadi kwenye nyayo. Tiara iko kitandani kwangu, imekauka, imekunjwa vizuri. Juu yetu upepo unapiga mabati ya kituo, na kila bati likilia nalisikia kiunoni. Baba mdogo anasugua upande wake. Anavuta ugoro waziwazi siku hizi, hana wa kumficha.

Mchana huu alinyoosha mgongo, akaegemea brashi, akakagua upande wangu kwa muda.

"Ile kona umeiruka," akasema.

"Asante, baba mdogo."

Nikaichovya brashi hadi ikajaa, nikaipiga kwenye ukuta wa kona, na maji yote ya utelezi yakaenda usoni kwake.