Mteremko wa Sakafu Yangu

Nilinyamaza miezi minane, na siku moja tu kabla ya Chepchirchir kwenda Nairobi ndipo nikafungua mdomo wangu.

Mimi ni Mageto, karani wa kituo cha majani chai karibu na Kapsoit. Kabla ya ukarani nilikuwa fundi, na sakafu ya kituo hiki niliimwaga mwenyewe. Sijisifu, lakini hutapata saruji laini kama hii kutoka hapa hadi Sigowet. Ndiyo maana binti huyu, Chepchirchir, huja na skeitibodi yake kabla wakulima hawajafika. Miaka minne amehangaika na mruko mmoja tu, wenyewe huuita tre-flip: unaruka, ubao unazunguka duara nzima chini yako huku ukijibiringisha, kisha unatua juu yake kwa miguu yote miwili. Miezi minane iliyopita ukamkubali. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Lakini kila mara alianzia kwenye mizani akielekea mlangoni. Upande huo niliuinamisha kidogo, ili maji ya kuosha yatoke yenyewe. Mteremko wangu ndio uliokuwa ukimsaidia, na kule Nairobi, kwenye mchujo wa timu ya taifa, ambako kila mtu hupewa majaribio matatu tu, sakafu imelala sawasawa kama meza.

"Weka ubao chini," nikamwambia. "Uachilie."

Ubao ukaondoka polepole, wenyewe, hadi mlangoni.

"Si ni beringi mpya za magurudumu, Mzee?"

"Ni sakafu. Jaribu kuanzia mlangoni, ukipanda."

Alianzia mlangoni, akaanguka. Akarudia, akaangukia kiwiko. Alirudia na kurudia mpaka damu ikafika vidoleni, nami nikawa nimeshikilia mizani kama mimi ndiye ninayeanguka.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ningeweza kudanganya. "Niliona aibu. Kila mtu nilimwambia sakafu yangu ndiyo imekufundisha."

Aliuokota ubao akaurudisha mlangoni; afadhali angenitukana.

Mvua ikashuka. Honi ya lori la kuchukua majani ikalia kule kwenye kona, na wakulima wakaja mbio na magunia yao. Syprose, wa kwanza kwenye foleni na wa kwanza kulalamika, akausukuma mlango wa wavu. Nikaiacha mizani, nikawahi kutia komeo.

"Karani! Majani inalowa! Unatufungia nje juu ya mchezo?"

"Dakika moja, mama."

"Dakika ya nani? Fungua!"

Chepchirchir akapangusa kiwiko kwenye suruali. Akasukuma kwa mguu mara tatu kuelekea mizani, kwa hasira ambayo najua ilikuwa juu yangu, akaruka. Ubao ukazunguka, ukajibiringisha. Kisha miguu yote miwili, pa! ikatua juu ya ubao, na ubao juu ya saruji.

Hakuanguka. Mwendo ukamwishia hapo juu karibu na mizani, akasita, halafu mteremko ukaanza kumrudisha kinyumenyume, amesimama wima, mikono imeshuka, hadi mgongo wake ukagusa wavu. Syprose alikuwa akichungulia kupitia wavu, gunia mgongoni, maji yakimtiririka usoni.

Nilitaka kulia. Nikashika komeo nifungue.

"Wacha, Mzee," Chepchirchir akasema, bado anahema. "Mara moja inaweza kuwa bahati. Nataka nione tena."

Lori likapiga honi, safari hii kwa hasira. Nilijua wakulima wangenishtaki kwa kamati, na wangekuwa na haki. Nikaondoa mkono kwenye komeo.

Nje, Syprose akawageukia wenzake.

"Rudini nyuma huko!" akawafokea. "Mnamzibia mwangaza!"