Dobi wa Mfalme

Doris alitoka zamu ya usiku Plymouth saa tatu asubuhi, sare ya kuhudumia wazee bado mwilini, akaendesha gari moja kwa moja hadi mji jirani wa Crystal kumchukua Mzee Kifle, ampeleke kwenye usaili wa uraia.

Mzee alikuwa amekwishasimama mlangoni, shati jeupe limenyooshwa hata nzi angeteleza. Mwenye nyumba alikuwa amebandika karatasi pale mlangoni: kodi inapanda tena mwezi wa tatu. Mwezi huohuo serikali ingemkatia mzee posho ya uzeeni, maana miaka saba tangu aingie nchini kama mkimbizi ilikuwa inatimia naye bado si raia. Huku hata huruma ina tarehe ya kuharibika, kama maziwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Chai umekunywa?"

"Nitakunywa tukishafaulu."

Mzee Kifle alikuwa Mhabeshi, lakini miaka kumi na mitano ya Nairobi ilimpa Kiswahili. Daktari alikuwa ameandika kwamba kichwa chake hakishiki tena lugha mpya, kwa hiyo usaili ungefanyika kwa Kiswahili, Doris akitafsiri. Fomu pia aliijaza Doris, akiteremka na "hapana" mfululizo kama wafanyavyo watu wote: ulevi hapana, ugaidi hapana, chama cha kikomunisti hapana.

Garini akamsomea majibu. Walipofika kwenye chama, mzee akasema, "Hiyo ni ndiyo."

"Babu!"

"Mimi nilikuwa dobi wa kasri. Vitambaa vya meza ya mfalme, mimi napiga pasi. Siku moja wanajeshi wakamtoa mfalme, wakamweka kwa Volkswagen ndogo, wakaenda na yeye. Kesho yake nikapiga pasi vitambaa vilevile. Meza ileile. Wageni tu ndio wapya, wanaitana komredi."

"Sasa chama kinaingiaje?"

"Baadaye wakaleta kadi nyekundu. Bekele, ndugu yangu, tunapiga pasi pamoja, akakataa. Wakamchukua, hakurudi. Mimi nikaweka sahihi."

"Hayo ni ya zamani, babu. Nani atajua? Sema hapana, upate karatasi, ubaki na chumba chako."

"Aliyekataa ni Bekele. Nikisema sikuchukua kadi, nitakuwa navaa sanda yake."

Doris alikasirika, tena sana. Usingizi wake alikuwa ameuacha kwa ajili ya mzee huyu, na leo ndiyo siku anayoona ya kuwa mkweli! Aliogopa pia. Maombi yake mwenyewe ya kibali cha kubaki nchini, tangu amalize chuo, yalikuwa yamelala katika jengo walilokuwa wanaliendea.

Ofisa, kijana mwenye mafua, aliwaapisha wote wawili, mikono juu. Maswali yakapita moja baada ya jingine. Akafika penyewe, kwenye chama. Doris akatafsiri swali.

"Ndiyo," Mzee Kifle akajibu. "Nilikuwa."

Ofisa akamtazama Doris, akisubiri.

"No," akasema Doris.

Mzee akageuza shingo polepole. Kiingereza chake hakikujaa kiganja, lakini neno hilo alilijua, na la kulikanusha pia.

"Yes," akasema mwenyewe.

Ofisa akaacha kuandika. "Ni ipi basi?"

Doris akamgeukia ofisa. "Yes," akasema. "Samahani, nilikosea."

Hakuna aliyeuliza habari za Bekele. Ofisa alipiga mstari kwenye fomu, akaeleza kwamba faili litapelekwa juu kuchunguzwa, miezi minane, pengine mwaka. Na posho? Hiyo, akasema huku akipenga kamasi, ni ofisi nyingine. Akampa mzee barua ya kusubiri.

Kisha akasukuma karatasi ya mwisho mbele ya Doris: mkalimani athibitishe kwamba ametafsiri kila neno kwa ukweli.

Doris akashika kalamu, mkono haukuenda. Asiposaini ataulizwa sababu, na jina lake limo katika kompyuta ileile. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mzee Kifle alikuwa anaikunja barua yake, ukingo juu ya ukingo, akinyoosha mkunjo kwa ukucha wa dole gumba. Hakuinua macho.

"Weka tu, mwanangu," akasema. "Hata mimi niliweka."

Doris akaweka sahihi.