Salamu Zilizozidi Uzito

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika uwanja wa ndege, safarini kwenda ughaibuni kumwona binti yangu Nakijwa akitunukiwa shahada ya uhandisi. Katika hali halisi mitihani ya muhula ilikuwa imenizuia kusafiri, lakini ndoto haikuomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Sikushangaa kuukuta uwanja huo kwetu Usangi, mlimani, nyuma ya darasa ninalofundisha.

Kijitabu cha maelekezo ya wasafiri kiliagiza kila mtu abebe nakala yake. Yangu nilikuwa naye: mwanamke wa umri wangu, mwembamba kama karatasi, aliyefifia kidogo upande wa kushoto. Nilimshika mkono ili upepo usimchukue.

Kijitabu kiliagiza pia tuheshimu foleni. Foleni ilikuwa imejilaza sakafuni, ndefu, yenye mvi. Wasafiri wengine waliiruka bila hata kuitazama. Mimi nilipiga goti.

"Shikamoo, Foleni."

"Marahaba, mwanangu. Tangu kumekucha hakuna mwingine aliyenisalimu. Pita hapa, usinikanyage mkia."

Kwenye kaunta kulikuwa na mzani. Begi langu lilipopandishwa, mshale ulizunguka hadi ukarudi ulikotoka. Mzani ukakohoa, ukaniuliza kwa adabu kama mizigo yote nimeifunga mwenyewe.

Nilijibu kwamba nguo nimezifunga mimi, ila salamu zimefungwa na majirani. Nikaueleza kwamba kwetu msafiri hukabidhiwa salamu kila mlango anaopita, na salamu ni amana. Mzani ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema kanuni za usalama hazina ujirani: usichokifunga wewe hakivuki. Nichague kuziacha pale, au kuzifungua zote mbele ya mkaguzi.

Ukutani, saa ya ughaibuni ilikuwa imekwisha kuvaa joho. Sherehe ilikuwa inaanza.

"Ziache," Nakala akaninong'oneza. "Nani atajua?"

"Mimi," nikamjibu.

Ninafungua. Ya kwanza ni ya Mama Kisaka, jirani yetu wa karibu. Inapanda juu ya kaunta, inajifunga khanga upya, inasema kwa sauti yake ileile: "Nakijwa, usilale na nywele mbichi. Na huyo mchumba, kabila si neno, ila akiwa mvivu mimi arusini siji."

Mkaguzi anatamka kwamba haina madhara. Ya Mchungaji Mnzava inatutaka tufumbe macho, kisha inaomba kwa kirefu, kama ilivyo desturi yake. Ya wanafunzi wangu wa darasa la sita inaamkia kwa pamoja, halafu inacheka bila sababu. Foleni imenyanyua kichwa, inasikiliza. Badala ya kulalamika, inauliza kama ile ya Mama Kisaka inaweza kurudiwa.

Ya mwisho ni ya mume wangu, Eliamani. Ni ndogo kama punje ya kahawa. Ninaifungua, haisemi kitu. Mkaguzi anaitikisa karibu na sikio.

"Hii ni tupu, mama."

"Si tupu. Ni ya baba yake. Ndivyo alivyo."

Nikamweleza kwamba tangu tuoane sijamsikia mume wangu akipaza sauti. Hata ng'ombe huwaita kwa mkono. Mkaguzi akaigonga muhuri, akanirudishia kiganjani.

Foleni inainuka, inajinyoosha kama daraja juu ya mawingu. Ninatembea mgongoni mwake hadi mlango wa ukumbi. Hapo amesimama Homa ya Manjano, kavaa suti nadhifu ya rangi yake. Ninamwonyesha kadi ya chanjo.

"Basi hatujuani," anasema, akinipisha.

"Hatujuani," ninakubali.

Ndani niliketishwa karibu na Ukimya, bwana mrefu mwenye glavu. Alinifahamisha taratibu za pale: makofi hupigwa kwa ncha za vidole, na vigelegele havijulikani. Nikakumbuka kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Nikabana midomo.

Nakijwa anaitwa. Anasimama, anapitisha macho safu hadi safu. Hanioni. Anarudi kuwa yule mtoto aliyekuwa akibaki langoni mwa shule wenzake wote wakiwa wamekwisha kuchukuliwa. Mwili wote unataka kupiga kelele, na Ukimya ameniwekea mkono begani.

Ndipo salamu ya mume wangu inapovimba kiganjani mwangu, ikapasuka.

"Nakijwa! Huyo ni binti yangu! Wa Usangi huyo!"

Vioo vinatetemeka. Ukimya anainuka, anachukua kofia yake, ananiaga kwa heshima, anatoka. Nakijwa ameniona, anacheka, meno yote nje, na joho linamkaa kama alizaliwa nalo. Kwa kuwa mwenyeji mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka na hapakuwa na wa kumkosea, nikapiga kigelegele mpaka pumzi ikaniishia.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Eliamani alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika koo. Aliniomba maji ya uvuguvugu, kwa sauti iliyokwaruza kiasi kwamba ilibidi nimsogelee ndipo nimwelewe.

"Mama Nakijwa," akanong'ona, "alinisikia?"