Vita au Mafuriko?

Mama yule alifika ofisini Jumanne asubuhi, amemshika mkono binti wa miaka sita, akasema kwamba wako wawili, ila mmoja hamwoni.

Aliyempokea ni fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Kila Jumanne na Alhamisi alifunga kibanda chake, akavaa kizibao cha kujitolea na kukaa kwenye dawati la waliopotezana na ndugu zao. Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja.

"Tulikuwa tunakimbia risasi," mama alieleza. "Mto ulikuwa umefurika. Mimi na huyu Kurwa tukavuka, Doto akabaki nyuma kwenye msongamano. Daraja likakatika katikati yetu. Nilimwona ng'ambo kwa macho yangu, analia. Halafu maji yakapanda, watu wakatawanyika. Leo wiki ya tatu."

Bi Sindano alichukua fomu. Sababu ya kupotezana: vita, au maafa ya asili. Weka alama moja tu.

Jengo lile lilikuwa la Harakati moja ya misaada, yenye alama moja, ila wenyewe walikuwa wengi. Chini lilikaa tawi: wanachama na watu wa kujitolea wa mji ule, wenye viongozi waliowachagua wenyewe. Juu, kushoto, ilikuwa ofisi ya Kamati, inayoshughulikia wahanga wa vita. Kulia ilikuwa ofisi ya Shirikisho, linalounganisha vyama vya nchi zote na kusaidia penye mafuriko, ukame na matetemeko. Mlango kwa mlango ni hatua tisa.

Bi Sindano alipanda na fomu. Bwana wa Kamati, mtu mpole mwenye miwani, alisikiliza hadi mwisho.

"Kilichowatenganisha ni nini hasa, bi mkubwa?"

"Daraja kukatika."

"Basi hilo ni la wenzetu."

Akavuka ukumbi. Dada wa Shirikisho naye aliuliza, "Walikuwa wanakimbia nini?"

"Bunduki."

"Pole yao. Hilo ni la Kamati, mama. Tukiligusa tutaingilia mamlaka yao."

"Mamlaka juu ya nini? Juu ya mtoto?"

"Tutalipeleka kwenye kikao cha uratibu, wiki ijayo."

Akarudi kushoto. Akarudishwa kulia. Ilipofika saa sita alikuwa amepigwa danadana mara nne, na jasho lililomtoka halikuwa la ngazi. Alishuka, akamshika mama mkono, akampandisha juu pamoja na mtoto, akasimama nao katikati ya ile milango miwili.

"Tokeni wote wawili!" alisema, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Mwelezeni wenyewe. Mwambieni huyu mwanawe kapotezwa na risasi au kapotezwa na maji, ili ajue mlango wa kulilia!"

Walitoka. Bwana alivua miwani akaifuta, dada akatazama sakafu. Mtoto aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akamwuliza mama yake, "Hawa ndio wanaojua Doto aliko?"



Waliporudi chini, Bi Sindano aliuliza kama kuna picha ya Doto.

"Picha ya nini?" mama alisema. "Mtazame huyu. Hata mimi huwa nawachanganya."

Akaomba ruhusa, akampiga Kurwa picha kwa simu, akawatumia wenyeviti wanne wa matawi ya ng'ambo ya mto, watu aliowajua kwa sura. *Mwenzake huyu mmemwona? Mama yake yuko kwetu.*

Alhamisi mchana akajibiwa na mmoja wao, mkunga mstaafu aliyekuwa akitunza waliohifadhiwa katika shule moja. *Ninaye. Anachechemea kidogo, lakini anakula. Kila siku ananiuliza kama daraja limeshatengenezwa.*

Jumamosi gari la tawi lile lilizunguka kwa njia ya juu, likamleta. Mama hakulia. Alimkagua vidole, masikio, magoti. "Na kiatu kingine kiko wapi?" akamfokea. Kisha akakaa chini pale pale langoni, watoto wote wawili wakamwangukia.

Wiki haikuisha, taarifa mbili zikabandikwa ukutani. Kamati iliandika kwamba imemkutanisha mhanga wa vita na mwanawe. Shirikisho liliandika kwamba limemkutanisha mhanga wa mafuriko na mwanawe. Bi Sindano akaletewa barua kutoka ofisi za juu: amesambaza picha ya mtoto kinyume cha utaratibu, asimame kazi miezi mitatu.

"Kanuni ya picha naijua, na ina maana yake," alimwambia mwenyekiti wa tawi. "Lakini aliniruhusu mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hawa wanajua uchungu wa karatasi!"

Dawati walimnyang'anya, uanachama hawakuweza. Kwenye mkutano wa mwaka wa tawi alisimama, akasimulia yote tangu Jumanne ile, hakuongeza chumvi. Wanachama wakapiga kura: fomu iwe moja, isiyouliza sababu, na atakayeipokea ndiye atafute. Mikono yote ilinyooka. Azimio likapelekwa makao makuu ya chama cha taifa, na kutoka huko likapelekwa nje ya nchi.

Jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja. Maoni yamepokelewa kwa shukrani. Yatawasilishwa kwenye mkutano mkuu wa Harakati, miaka mitatu ijayo.

"Miaka mitatu," Bi Sindano alisema. "Mtu aliyepotelewa na mwanawe akae tu, anasubiri ajenda."

Adhabu ilipoisha alirudi dawatini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza kama kuna majalada mengine yanayosubiri kikao cha uratibu. Yaliletwa kwenye boksi, kumi na tisa, la chini kabisa likiwa la mwaka juzi. Alilipangusa vumbi, akasoma jina la mtoto, akasonya. Kisha akatoa simu, akaanza kumtafuta mama wa mtoto huyo.